Mji hujulikana kwa miguu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hata hivyo, jamii yetu imeiwekea methali hii mipaka ambayo wahenga wenyewe hawakuiweka. Mtu akisafiri kwenda kutafuta kazi, matibabu au masomo, atasindikizwa kwa nderemo na maombi. Lakini mume na mke wakifunga safari kwa nia ya kutazama, kula na kunyoosha miguu tu, majirani watatikisa vichwa na kuuliza iwapo wawili hao wana akili timamu. Utalii, kwa maoni ya wengi, ni shughuli ya wageni wanaoshuka Mombasa na Maasai Mara wakiwa na kamera shingoni. Sisi wenyeji kazi yetu ni kuwabebea mizigo.

Nataka kuipinga dhana hiyo leo, nami nitaipinga kwa ushahidi wa macho na nyayo zangu.

Mimi na mke wangu sote ni walimu. Mimi hufundisha Kiswahili na Historia, naye hufundisha Jiografia. Kwa miaka kumi na miwili tulifanya kazi katika kaunti mbili zilizo mbali, tukawa tunaonana wakati wa likizo, na hata tulipoonana, mazungumzo yetu yalihusu karo, mbolea na paa linalovuja kuliko yalivyotuhusu sisi wenyewe. Daktari alipomtahadharisha mwenzangu kuhusu shinikizo la damu, alianza kukimbia polepole kila alfajiri. Likizo zilipofika, nilimfuata. Ndipo tulipogundua kwamba watu wawili wanaokimbia bega kwa bega, tena kwa mwendo usiowakatia pumzi, huweza kuambiana mambo ambayo mezani yasingetamkika.

Basi likizo ya Agosti mwaka wa 2023 tulitoa akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa miaka mingi katika chama cha ushirika, tukaabiri ndege kwenda Chicago, Marekani. Shemeji yangu, dadake mke wangu, ni muuguzi huko, naye alitupa chumba, jambo lililotupunguzia gharama kubwa. Tulijiwekea masharti matatu: asubuhi tukimbie, mchana tule chakula wanachokula wenyeji, na jioni tutazame yale ambayo mji huo umeyahifadhi.

Kwa nini Chicago? Jibu ni rahisi kwa Mkenya yeyote afuatiliaye riadha. Katika barabara za mji huo Catherine Ndereba alikimbia marathoni kwa saa 2:18:47 mnamo Oktoba 2001, ikawa rekodi ya dunia. Na miezi miwili tu baada ya sisi kurudi nyumbani, tarehe 8 Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alipita katika barabara zizo hizo akaandikisha saa 2:00:35, rekodi ambayo hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kuifikia rasmi. Kijana huyo alifariki katika ajali ya gari Februari 2024, taifa zima likaomboleza.

Sisi hatukuwa mashujaa wa aina hiyo. Tuliichukua njia ya marathoni hiyo, yenye kilomita 42 na mita 195, tukaigawa vipande saba vya kilomita sita, kila asubuhi kipande kimoja. Zile mita 195 zilizobaki tulizimaliza kwa kutembea, tena tumeshikana mikono. Mke wangu alitangulia kila mara. Nilipobaki nyuma nikihema, alinigeukia na kusema, "Mwalimu, pumua. Hakuna anayekufukuza."

Ukweli ni kwamba mji haujulikani kwa kuutazama kupitia dirisha la gari. Njia ile huanzia Grant Park, ikaelekea kaskazini hadi Lincoln Park, ikarejea katikati ya majumba marefu, kisha ikapita mitaa ya Wagiriki, Waitaliano, Wameksiko na Wachina, na mtaa wa Bronzeville walikokaa Wamarekani weusi waliokimbia ubaguzi wa majimbo ya kusini. Kwa miguu yako unahisi mahali lami inapobadilika, unasikia lugha zikibadilika, na pua yako inatambua mtaa mpya kabla ya macho kuusoma ubao.

Ulikuwa mshangao kwetu, tuliosomea historia katika vitabu vilivyojaa wavumbuzi Wazungu, kujua kwamba mtu wa kwanza kutoka nje kuweka makao ya kudumu mahali pale alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point DuSable, mfanyabiashara aliyejenga kando ya mto mwishoni mwa karne ya 18. Leo daraja kuu la mji lina jina lake, na tangu 2021 barabara ndefu inayoambaa ziwa pia. Mji uliokua baada yake uliteketea kwa moto mnamo Oktoba 1871. Watu wapatao 300 walifariki na wengine wapatao 100,000 wakakosa makao. Lakini badala ya kukaa majivuni na kulia, wakazi walijenga upya, na kufikia 1885 jengo lenye orofa kumi lililoshikiliwa na fremu ya chuma lilikuwa limesimama pale. Wataalamu wengi hulihesabu kuwa mzazi wa maghorofa ya dunia.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi si majumba, bali ni mahali ambapo hakuna majumba. Kando ya Ziwa Michigan kuna njia ya umma ya takriban kilomita 29, na kila alfajiri tuliwaona humo wazee, watoto, matajiri na maskini wakikimbia, wakitembea au wakiendesha baiskeli bila kuulizwa kiingilio wala kitambulisho. Mke wangu, ambaye takwimu za maziwa zimo kichwani mwake, alisimama akalitazama ziwa lile na kusema kwamba Victoria letu, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, linalipita kwa ukubwa hili lenye takriban 58,000. Kisha akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Mbona basi ufuo wao una nafasi kwa kila mtu?"

Historia ndiyo iliyojibu. Mnamo 1836, kabla hata Chicago haijatambuliwa kuwa mji, makamishna waliopima ardhi waliandika kwenye ramani kwamba kipande kile cha ufuo kibaki wazi milele, mali ya umma, bila jengo lolote. Maandishi peke yake hayakutosha. Ardhi nzuri, kama mnavyojua, haikosi wa kuimezea mate. Mfanyabiashara mmoja, Aaron Montgomery Ward, alikwenda mahakamani tena na tena kuanzia 1890 hadi 1911 kuzuia majengo katika uwanja ule. Alitukanwa na kuitwa adui wa maendeleo. Leo mamilioni ya watu hupumua hewa safi kwa sababu ya ukaidi wake.

Je, msomaji mpenzi, hadithi hiyo haikukumbushi mtu? Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama peke yake kupinga jumba la orofa 60 lililopangwa kujengwa katika Uhuru Park. Alidhihakiwa, lakini jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye akautetea msitu wa Karura, akapigwa hadi akajeruhiwa. Wanaokimbia Karura leo, na ni wengi, wanakimbia juu ya jasho na damu ya mama yule. Na Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoa machozi kwa kosa la kuandamana wakitetea uwanja wao wa kuchezea. Taifa linalojigamba kwa mabingwa wa mbio linawezaje kuwanyang'anya watoto mahali pa kukimbilia?

Sasa nije kwenye chakula, maana tumbo halina likizo. Chicago inajulikana kwa piza nene kama keki, ambayo kipande kimoja kilinilaza mchana kutwa. Kuna pia soseji yao ndani ya mkate mrefu, iliyorundikiwa haradali, vitunguu, nyanya, tango la achari na pilipili. Ole wako ukiomba sosi ya nyanya, kwani wenyeji huiona kuwa tusi. Nilipoila nilikumbuka soseji zetu za kando ya barabara zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari, nikatabasamu.

Lakini somo lilikuwa katika mtaa wa Pilsen, wanakoishi Wameksiko. Huko tulipewa tamale, unga wa mahindi uliofungwa ndani ya maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke. Mke wangu aliitafuna polepole, kisha akatangaza kwamba amefika nyumbani. Naye hakukosea sana. Mahindi, ambayo bila ugali wake Mkenya husema hajala, asili yake ni Meksiko, ambako watu walianza kuyakuza takriban miaka 9,000 iliyopita. Yaliletwa pwani yetu na Wareno. Tuliichukua mbegu, lakini hatukuuchukua ujuzi ulioandamana nayo. Wameksiko huchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na kwa njia hiyo huifungua vitamini ambayo vinginevyo hubaki imefungiwa ndani ya punje. Mataifa yaliyoyala mahindi pekee bila ujuzi huo yalipatwa na maradhi ya ngozi na akili yaitwayo pelagra. Sahani moja, basi, ilitufunza historia, jiografia na sayansi kwa pamoja. Ni mtihani gani ungeweza kuuliza hayo yote?

Siku ya nane tulizuru jumba la makumbusho liitwalo Field Museum, kusini mwa Grant Park. Ndani yake wamesimama simba wawili wasio na manyoya shingoni, wale wale waliowala wajenzi wa daraja la reli huko Tsavo mwaka wa 1898. Luteni Kanali Patterson aliwaua mwezi Desemba mwaka huo, akazigeuza ngozi zao kuwa mazulia kwa takriban robo karne, kisha akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Yeye alidai kwamba waliliwa watu 135, lakini wanasayansi waliopima mabaki ya wanyama hao walikadiria, mnamo 2009, kuwa ni watu wapatao 35. Na mnamo 2024 ilitangazwa kwamba nywele zilizokwama menoni mwao zilichunguzwa, zikaonyesha walikula twiga, pundamilia, nyumbu na pia binadamu.

Mbele ya kioo kile tulisimama kimya. Watoto wa Chicago huwatazama simba wa Tsavo wakati wowote wapendao, hali mtoto wa Voi hana budi kutosheka na picha kitabuni. Naamini kwamba siku moja simba hao wanapaswa kurudishwa, hata kama ni kwa mkopo wa miaka michache. Lakini naamini pia kwamba wakirudi leo, wengi wetu hatutafunga safari kwenda kuwaona, kwa sababu hatujajifunza kutembea kwa ajili ya kujua.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Najua nitaambiwa kwamba nauli ile ingenunua ng'ombe wawili wa maziwa. Ni kweli, na tunao jamaa waliotuambia hivyo ana kwa ana. Simwambii yeyote akope ili aende Marekani. Nasema kwamba mji wowote ni darasa kwa anayeuendea kwa miguu, tumbo na macho yaliyo tayari. Mombasa ina Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, na ina mahamri, mbaazi na viazi karai. Lamu ina vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na ulimwengu uliutambua mji huo kuwa urithi wake mwaka wa 2001. Kisumu ina ziwa na samaki. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuamka alfajiri na wenzi wetu tukakimbia kilomita tano katika miji hiyo, bila mazishi wala mkutano wa kutupeleka?

Kwenu walimu wenzangu nina ombi mahususi. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba ya kila shule, lakini aghalabu hugeuzwa kuwa cha hisabati, hasa mitihani ikikaribia. Tunapofanya hivyo tunamfunza mtoto kwamba mwili ni mzigo wa kubebea kichwa, na kwamba mbio ni za yule atakayelipwa kuzikimbia. Kisha mtoto huyo anafikisha miaka hamsini, na daktari anamwamuru aanze kufanya yale tuliyomnyima akiwa na kumi. Kirudisheni kipindi hicho. Nanyi wanafunzi, kidaini, kwa adabu lakini bila woga, na mkiona ukuta unajengwa ndani ya uwanja wenu, ulizeni ni wa nani.

Mwenzangu bado hukimbia, na daktari ameridhika na vipimo vyake vya karibuni. Mwaka huu tumeanza kuweka akiba tena, kidogo kidogo. Safari hii tunaelekea Lamu, na nimearifiwa kwamba huko hata punda watanipita.