Je, Wajua? Pambo la Dari Limebeba Maji

Ukitaka kupamba dari ya sebule yako hapo Chiungutwa, jua kwamba jasi, ile mafundi waiitayo jipsamu, huchimbwa mkoa jirani wa Lindi, huko Kilwa. Katika kila kilo 100 za jiwe hilo, karibu kilo 21 ni maji! Likiokwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji hayo, likawa unga. Ukorogwe na maji, unga hugeuka jiwe tena baada ya dakika chache. Ukiugusa unapoganda, utausikia una joto.

Pambo zito la jasi hutiwa nyuzi za katani lisipasuke. Lakini gundi pekee hailibebi: skrubu zishike mbao za kenchi, si ubao wa dari tu. Mwambie fundi akuonyeshe mbao hizo kabla hajalipandisha.