Mbuzi mgonjwa asipelekwe mnadani

Idd ya kuchinja ikikaribia, malori ya mbuzi na kondoo huteremka kutoka Garissa na Tana River hadi Malindi na Mombasa. Biashara hiyo ni riziki ya wengi, lakini pia ni njia nyepesi ya kusambaza sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi uliozuka Turkana mwaka 2006.

Dalili zake ni homa kali, machozi na kamasi nzito, vidonda mdomoni, kuhara na kupumua kwa shida. Binadamu haambukizwi. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo. Kinga ni chanjo, na sindano moja humlinda mnyama miaka 3 au zaidi.

Kwangu mimi, hatari kubwa ni mazoea ya kumkimbiza mnadani mbuzi aliyeanza kuugua, ili mwenyewe asikose vyote. Wengine hunyamaza wakihofia soko kufungwa. Nauelewa uchungu huo, kwani mbuzi ndiye karo ya mtoto. Lakini mgonjwa mmoja akiuzwa, zizi la mnunuzi huteketea, na soko hufungwa vile vile, tena kwa muda mrefu zaidi.

Rai yangu: mgonjwa atengwe, afisa wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo ili mifugo ya jirani ichanjwe mapema, na mbuzi mgeni akae kando wiki 3.

Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hii nayo imewekewa lengo la 2030. Inawezekana, tusipofichana.