Kodi Imfuatayo Raia: Mwongozo kwa Raia wa Marekani Waishio Nje ya Nchi Yao

Nchi nyingi duniani humtoza mtu kodi ya mapato kwa kuangalia mahali anapoishi, au mahali mapato yake yanapopatikana. Marekani inakwenda mbali zaidi. Sheria yake ya kodi humfuata raia popote alipo, iwe Mombasa, Dodoma, Muscat au London, na kumtaka atoe taarifa ya mapato yake yote ya ulimwenguni kila mwaka. Eritrea nayo huwatoza raia wake waishio ng'ambo asilimia 2 ya mapato yao, lakini nchi zenye utaratibu wa namna hii ni chache mno.

Makala haya yamekusudiwa kwa watu wa kawaida: mwalimu aliyerejea nyumbani akiwa na pasipoti ya Marekani, mfanyabiashara mwenye duka lake, mzazi ambaye mwanawe alizaliwa huko. Wengi wao hawadaiwi hata senti moja. Hata hivyo, baadhi yao hujikuta wakikabiliwa na faini kubwa kwa sababu tu hawakujaza fomu ambazo hawakujua kuwa zipo.

Chimbuko la sheria

Raia wa Marekani waishio ng'ambo walianza kuguswa na kodi ya mapato tangu sheria ya mwaka 1861, iliyopitishwa ili kugharimia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kodi ya mapato ya sasa ilianza mwaka 1913, baada ya Katiba kurekebishwa. Mwaka 1924, katika kesi ya Cook dhidi ya Tait, raia mmoja aliyekuwa akiishi Mexico alipinga kutozwa kodi kwa mapato aliyoyapata huko huko. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali humnufaisha raia na mali yake popote vilipo, na kwa hiyo ina mamlaka ya kumtoza. Msingi huo haujabadilika hadi leo.

Sheria hii inamgusa nani?

Kwanza, inamgusa kila raia wa Marekani, hata kama ana uraia wa nchi nyingine pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini kuwa na pasipoti ya Kenya hakumwondolei mtu wajibu wake wa Marekani. Tanzania kwa kawaida hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, hivyo Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani na kurejea huishi nyumbani akiwa mgeni kisheria, huku akiendelea kuwa mlipakodi wa Marekani.

Pili, inamgusa mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Wengi hudhani kwamba kadi ikiisha muda wake, wajibu nao umekwisha. Sivyo. Wajibu huendelea mpaka hadhi hiyo irejeshwe rasmi, au ifutwe na mamlaka ya uhamiaji au mahakama.

Tatu, inamgusa mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani na kuondoka akiwa mchanga. Mfano unaojulikana ni wa Boris Johnson, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Alizaliwa New York mwaka 1964 na kuondoka akiwa mtoto. Mwaka 2014 alieleza hadharani kwamba Marekani ilikuwa ikimdai kodi ya faida aliyoipata kwa kuuza nyumba yake ya London, ilhali Uingereza haikuitoza kodi faida hiyo. Baadaye aliukana uraia wa Marekani.

Kutodaiwa kodi si kusamehewa taarifa

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosea. Sheria ya Marekani inatoa nafuu mbili kubwa kwa waishio nje, lakini nafuu hizo haziji zenyewe. Sharti mlipakodi awasilishe ritani na kuziomba.

Nafuu ya kwanza ni kuondolewa kwa mapato ya kazi yaliyopatikana nje. Kwa mwaka wa kodi 2024, mtu aliweza kuondoa hadi dola 126,500 za mshahara au mapato ya kazi yake katika hesabu ya kodi. Kiwango hicho hupandishwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Nafuu hii huombwa kwa Fomu 2555, na mwombaji huthibitisha ama kwamba ni mkaazi halisi wa nchi ya nje kwa mwaka mzima wa kodi, ama kwamba alikuwa nje ya Marekani kwa siku kamili 330 katika kipindi cha miezi 12 mfululizo.

Nafuu ya pili ni kupunguziwa kodi kwa kiasi cha kodi ya mapato kilichokwisha kulipwa katika nchi ya nje. Huombwa kwa Fomu 1116. Nafuu hii huwafaa wenye mapato yasiyotokana na kazi, kama vile kodi ya pango, gawio la hisa au riba ya benki, kwa kuwa nafuu ya kwanza haiyagusi mapato hayo. Ikiwa kodi ya Marekani juu ya mapato ya pango ni dola 1,000, na mtu amekwisha kulipa dola 900 kwa nchi anayoishi, kwa kawaida atabakiwa na dola 100 za kulipa Marekani.

Tuchukue mfano wa mwalimu asiye na ndoa, mwenye umri chini ya miaka 65, aliyepata mshahara wenye thamani ya dola 18,000 mwaka 2024. Mtu wa hali yake alitakiwa kuwasilisha ritani iwapo mapato yake yalifikia dola 14,600. Kwa hiyo alipaswa kuwasilisha. Akiijaza Fomu 2555 ipasavyo, kodi yake ya mapato ni sifuri. Lau mwalimu huyo angekuwa na mwenzi asiye raia wa Marekani, naye akawasilisha ritani yake peke yake kama mwenye ndoa, kima cha kumlazimu kuwasilisha kingeshuka hadi dola 5 tu.

Mapato yanayowashitua watu

Anayejiajiri ana hesabu nyingine. Kodi ya hifadhi ya jamii kwa wanaojiajiri, ambayo ni asilimia 15.3, huanza faida inapofikia dola 400 kwa mwaka, na nafuu ya mapato ya kazi ya nje haiipunguzi. Raia mwenye duka lililosajiliwa kwa jina lake, aliyepata faida ya dola 20,000, anaweza kudaiwa takriban dola 2,826 hata kama hadaiwi kodi ya mapato kabisa. Marekani ina mikataba na baadhi ya nchi, zikiwamo Uingereza na Ujerumani, ya kuzuia michango ya hifadhi ya jamii kulipwa mara mbili. Haina mkataba wa aina hiyo na Kenya wala Tanzania, na wala haina mkataba na nchi hizo wa kuzuia kodi ya mapato kutozwa mara mbili.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyoanzishwa nje ya Marekani nayo yahitaji hadhari. Vipande vya mfuko ambavyo kwa jirani yako ni akiba ya kawaida, kwako vinaweza kutozwa kodi kwa kanuni kali na kudai Fomu 8621. Ni heri kuuliza kabla ya kununua.

Faida ya kuuza nyumba pia huhesabiwa. Aliyeimiliki nyumba na kuishi humo kwa angalau miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuiuza, aweza kuondoa hadi dola 250,000 za faida hiyo. Kinachozidi hapo hutozwa kodi.

Ripoti ya akaunti za nje

Mbali na ritani, kuna ripoti ya akaunti za fedha zilizo nje ya Marekani, yaani Fomu FinCEN 114. Hutakiwa pale ambapo jumla ya fedha katika akaunti zako zote za nje imepita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, hata kwa siku moja. Si kila akaunti peke yake inayopimwa, bali jumla yake. Mwenye dola 6,000 katika akaunti moja na dola 5,000 katika nyingine kwa wakati mmoja anatakiwa kuripoti zote mbili.

Akaunti ya pamoja na mwenzi wako huhesabiwa. Akaunti ya chama au ya mwajiri, ambayo fedha zake si zako lakini una mamlaka ya kutia saini, kwa kawaida huhesabiwa pia. Mweka hazina wa chama cha kina mama aliye raia wa Marekani asilipuuze jambo hili.

Ripoti hii hailipiwi kodi wala ada. Hupelekwa kwa njia ya intaneti, tena haiendi pamoja na ritani. Lakini adhabu ya kutoipeleka ni nzito. Kwa asiyekusudia kuvunja sheria, sheria iliweka hadi dola 10,000, kiasi ambacho hurekebishwa kwa mfumuko wa bei. Kwa aliyekusudia, adhabu yaweza kufikia nusu ya fedha zilizomo katika akaunti, au hata zaidi. Katika kesi ya Bittner, raia wa Marekani na Romania aliyechelewa kuwasilisha ripoti za miaka 5, serikali ilidai dola milioni 2.72 kwa kuhesabu kila akaunti. Mwaka 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba kwa asiyekusudia, adhabu huhesabiwa kwa kila ripoti. Deni lake likashuka hadi dola 50,000.

Kwa nini benki inauliza uraia wako?

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo FATCA. Inazitaka benki za nje kutambua wateja walio raia wa Marekani na kutoa taarifa zao. Benki isiyotii hukatwa asilimia 30 ya baadhi ya malipo yanayotoka Marekani. Ndiyo maana mteja aliyezaliwa Marekani huombwa namba yake ya hifadhi ya jamii na kujaza Fomu W-9. Usitoe jibu la uongo. Kumbuka kwamba taarifa ulizoficha katika ritani zaweza kuifikia serikali kupitia benki.

Sheria hiyo pia inamtaka raia mwenye mali kubwa ya fedha ajaze Fomu 8938 pamoja na ritani. Kwa aishiye nje asiye na ndoa, kima ni zaidi ya dola 200,000 siku ya mwisho ya mwaka, au zaidi ya dola 300,000 wakati wowote katika mwaka.

Uliyechelewa ufanye nini?

Usikae kimya, na usianze kuwasilisha kwa kubahatisha. Upo utaratibu wa kurekebisha mambo kwa wale ambao kutowasilisha kwao hakukuwa kwa makusudi. Mhusika huwasilisha ritani za miaka 3 na ripoti za akaunti za miaka 6, pamoja na tamko lililotiwa saini la kueleza sababu. Aishiye nje anayetimiza masharti hulipa kodi anayodaiwa pamoja na riba, bila faini. Tamko hilo ni lazima liwe la kweli, na mlango huu hufungwa pindi serikali inapoanza kukuchunguza.

Kuukana uraia

Baadhi ya watu huamua kuukana uraia. Hatua hii hufanyika ubalozini mbele ya ofisa wa Marekani, na mzazi hawezi kuichukua kwa niaba ya mtoto. Haifuti madeni ya nyuma. Anayeondoka hutakiwa kuthibitisha katika Fomu 8854 kwamba ametimiza wajibu wa kodi kwa miaka 5 iliyotangulia. Asiyeweza kuthibitisha, au mwenye mali safi ya dola milioni 2 au zaidi, anaweza kutozwa kodi kana kwamba ameuza mali zake zote siku moja kabla ya kuondoka. Kabla ya kuchukua hatua hii, hakikisha pia kwamba una uraia wa nchi nyingine.

Kujikinga na washauri wasio waaminifu

Hofu ya faini imewafungulia matapeli njia. Zingatia haya:

- Mtu anayelipwa kukujazia ritani anatakiwa kuwa na namba ya utambulisho iitwayo PTIN na kuitia saini kazi yake. Anayekataa kutia saini, mwepuke.
- Usikubali malipo yanayohesabiwa kwa asilimia ya fedha utakazorejeshewa.
- Usitie saini fomu tupu, na udai nakala ya kila kilichopelekwa kwa jina lako.
- Uliza bei kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Ritani rahisi ya mwajiriwa haistahili gharama ya ritani ya mwenye kampuni.
- IRS, yaani Idara ya Mapato ya Marekani, kwa kawaida huanza kuwasiliana na mlipakodi kwa barua. Haidai malipo kwa kadi za zawadi.

Tarehe za kukumbuka

Kodi inayodaiwa hulipwa ifikapo Aprili 15, na riba huanza kuhesabiwa baada ya siku hiyo. Raia aishiye nje huongezewa muda wa kuwasilisha ritani hadi Juni 15 bila kuomba, na anaweza kuomba hadi Oktoba 15 kwa Fomu 4868. Ripoti ya akaunti nayo ni Aprili 15, ila muda wake husogezwa wenyewe hadi Oktoba 15.

Weka stakabadhi za mshahara, risiti za kodi uliyolipa, taarifa za benki na kumbukumbu za safari zako mahali pamoja. Viwango hubadilika kila mwaka, kwa hiyo vihakikishe upya kabla ya kujaza fomu yoyote.