Rangi ya Kijani Haibebi Ghorofa

"Mhandisi, kompyuta imeshapitisha jengo, kyubu za zege tunavunja za nini tena?" Swali hili nimeulizwa na wenye majengo, na mafundi wakuu, na juzi na mhandisi kijana mwenye shahada yake. Uvumilivu wangu umekwisha.

Kompyuta haijapitisha kitu. Imepiga hesabu ya namba ulizoiingizia, basi. Ukiiambia zege lina nguvu ya megapaskali 25 itakuamini, hata kama pale saiti vijana wameongeza ndoo mbili za maji ili zege liteleze, na nguzo imeishia 14. Picha ya jengo kwenye skrini itatoka na rangi ileile ya kijani, ya kusema salama. Wapo wanaonijibu kwamba wamepiga hesabu kwa programu mbili na majibu yakafanana. Yasifanane kwa nini? Data ni ileile, dhana ni zilezile. Ulichothibitisha ni kwamba programu zote mbili zinajua kujumlisha.

Anayedhani haya ni matatizo ya mafundi wa mtaani aitazame Norwe. Tarehe 23 Agosti 1991 kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikizamishwa taratibu kwa majaribio katika Gandsfjorden, karibu na Stavanger. Ukuta mmoja kwenye maungio ya minara yake ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na dude zima likaenda chini. Watu wote waliokolewa. Waliolisanifu walikuwa mabingwa wa kazi hiyo na programu yao iliheshimika. Ila vipande walivyougawia ukuta ule ndani ya kompyuta vilikuwa vikubwa mno na vimekaa upogo, kwa hiyo nguvu za mkato zikakadiriwa pungufu kwa takriban asilimia 47. Nondo nazo zikawa fupi mahali palepale zilipohitajika. Uchambuzi uliorudiwa kwa umakini zaidi ulionyesha ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye 65. Modeli ikanyooka baada ya bahari kufanya kazi ya maabara, kwa hasara ya takriban dola milioni 700.

Kinachonikera zaidi ni wanaovunja bimu maabara kwanza, kisha wanachezea namba za modeli mpaka mchoro wake ulale juu ya mchoro wa jaribio, halafu wanaandika kwamba modeli "imethibitishwa". Huyo ni mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani. Andika utabiri wako, utie tarehe na saini, ndipo uvunje. Kisha ijaribu modeli hiyohiyo kwa bimu nyingine ambayo haijawahi kuiona.

Na kyubu yenyewe itazame kwa macho, usisome namba tu. Ile ya milimita 150 ikivunjika sawasawa, pande nne humeguka na katikati hubaki kama piramidi mbili zilizogusana ncha. Ikimeguka upande mmoja, ilikaa vibaya kwenye mashine au uso wake haukuwa bapa, na namba hiyo haifai. Kyubu zilizotengenezwa pembeni kwa saruji ya ziada, za kumridhisha mkaguzi, sizizungumzii. Kila aliyewahi kukaa saiti anazijua.

Ufanye nini, basi? Chagua mwenyewe mzigo wa zege wa kuchukulia sampuli, bila kutoa taarifa. Kyubu zikae majini, zivunjwe siku ya 7 na ya 28. Nondo zipelekwe zikavutwe. Kwenye daraja la C25/30, 30 ni ya kyubu na 25 ni ya silinda; angalia programu inataka ipi. Jengo likiwa limeshasimama, toboeni sampuli kwenye nguzo zenyewe. Msiishie kugonga kwa nyundo ya Schmidt; hiyo hupima ugumu wa uso tu. Mkibaki na shaka, pakieni slabu mzigo wa maji, mpime inavyopinda, muuache saa 24. Ondoeni, msubiri saa nyingine 24. Isiporudi walau robo tatu ya ilivyopinda, hamisheni wapangaji.