Mashine ya fezi tatu, stima ya fezi moja: Soma kibati kabla ya kununua

Kando ya barabara ya Kericho kwenda Kaplong, kupitia Litein na Kapkatet, karakana ndogo zimeota kwenye maboma ya watu. Gereji iliyojengewa gari sasa ina msumeno wa meza, randa ya mashine, drili ya kusimama au mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe. Hali ni hiyo hiyo upande wa Bomet, kuanzia Sotik hadi Silibwet na Mogogosiek.

Baadhi ya mashine hizi hazikutengenezwa kwa matumizi ya nyumbani. Zimetoka viwandani zikiwa zimetumika, na bei yake huvutia. Tatizo hujitokeza zikishafika nyumbani: mashine inataka umeme wa fezi tatu, na nyumba ina fezi moja. Mtu anaweza kumaliza akiba ya msimu mzima wa majani chai kwa mashine moja, akaiwasha, akasikia mota ikinguruma bila kuzunguka, na baada ya muda mfupi harufu ya waya zinazoungua ikajaa chumbani.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa. Makala haya yanaeleza ni mashine gani inaweza kuendeshwa kwa stima ya nyumbani, kwa njia gani, na ni wakati gani mkazi anapaswa kuomba fezi tatu.

Tofauti iko wapi?

Stima ya kawaida ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Huingia kwa waya mmoja wa moto na mwingine wa nyutro. Laini ya fezi tatu ina nyaya tatu za moto. Kati ya kila waya wa moto na nyutro kuna volti 240, lakini kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 415.

Nyaya hizo tatu hazisukumi kwa wakati mmoja. Hupokezana, kama watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kwa kupokezana huko, msukumo ndani ya mota huzunguka, na mota huanza yenyewe. Kwa fezi moja msukumo huenda mbele na kurudi nyuma, na mota iliyosimama haijui izunguke upande gani. Hunguruma tu, huku ikivuta umeme mwingi na kupata joto hadi kuungua.

Nyumba nyingi za mashambani ziliunganishwa kwa fezi moja, zikiwemo zilizofikiwa na mradi wa Last Mile ulioanza mwaka wa 2015. Stima hiyo inatosha taa, televisheni na pasi. Haikupangiwa mota kubwa.

Kibati kinasema nini?

Kila mota ina kibati cha chuma ubavuni. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi asome mambo mawili.

La kwanza ni nguvu, inayoandikwa kwa kilowati (kW) au kwa nguvu za farasi (HP). Farasi mmoja ni takriban kilowati 0.75.

La pili ni volti. Mota nyingi ndogo huandikwa 230/400 au 240/415. Maana yake ni kwamba koili zake zinaweza kuunganishwa kwa delta zikatumia volti ya chini, au kwa nyota zikatumia volti ya juu. Mota ya namna hii inafaa nyumbani, mradi fundi abadilishe vibao vya shaba ndani ya kisanduku chake kutoka nyota kwenda delta. Ikiachwa kwenye nyota na kupewa volti 240, nguvu yake ya kuzungusha hushuka hadi karibu theluthi moja.

Mota kubwa zaidi, hasa kuanzia kilowati 4, mara nyingi huandikwa 400/690, au volti 415 kwa delta. Hizo hazina muungano unaozifaa kwa volti 240. Asiyesoma kibati hununua mota ya namna hii akidhani ni sawa na ile ndogo.

Njia za kuendesha mota ndogo

Njia rahisi ni kuondoa mota ya fezi tatu na kufunga ya fezi moja yenye nguvu na kasi ile ile. Kwa mashine inayoendeshwa kwa mkanda, kazi hii si ngumu, na mota za hadi farasi 3 hupatikana kwa urahisi. Mota ya zamani inaweza kuuzwa kufidia gharama.

Njia ya pili ni kifaa cha kielektroniki ambacho mafundi hukiita VFD. Hupokea fezi moja ya volti 240 na kutoa fezi tatu za volti hiyo hiyo. Pia huanzisha mota polepole, hivyo taa za jirani hazififii kila mashine inapowashwa. Mnunuzi ahakikishe kifaa kimeandikwa kwamba kinapokea fezi moja. Vingi vya aina hiyo huishia kilowati 2.2. Kila mota ipewe kifaa chake, na kifungwe mbali na vumbi la mbao. Mota iwashwe na kuzimwa kupitia kifaa chenyewe, bila kuweka swichi kati yake na mota.

Njia ya tatu ni kapasita, ambayo ni ya bei ya chini. Kwa mota iliyounganishwa kwa delta, mafundi hukadiria maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, kwa hiyo mota ya kilowati 1.5 huhitaji takriban 105. Kapasita iwe ya kufanya kazi mfululizo, ya volti 400 au zaidi. Hata hivyo, mota hubaki na takriban theluthi mbili tu ya nguvu zake, na huanza kwa unyonge. Inaweza kufaa kinoo au drili, ambazo huanza bila mzigo. Haifai kinu cha mahindi.

Mashine ya kuchomelea vyuma iliyotengenezewa fezi tatu ni jambo tofauti, kwa kuwa haina mota ya kuzungusha. Ni afadhali kununua ya fezi moja.

Wakati wa kuomba fezi tatu

Mota ya farasi 10, ambayo ni kawaida kwenye vinu vya kusaga, ingevuta zaidi ya ampea 40 kwa fezi moja, na ikianza bila kifaa cha kuituliza ingevuta mara tano au zaidi ya hapo. Waya za nyumbani hazikupangiwa mzigo huo, na majirani wanaotumia transfoma moja nao wangeathirika.

Kwa mzigo wa aina hiyo, mkazi aombe fezi tatu katika ofisi ya Kenya Power iliyo karibu naye. Gharama hutegemea umbali na kama laini na transfoma iliyopo ina fezi tatu. Kwa sababu hiyo, ni busara kupata makadirio kabla ya kununua mashine. Anayefanyia biashara nyumbani aulize pia kuhusu kuhamishwa kutoka bei ya matumizi ya nyumbani hadi ya biashara ndogo.

Mambo yasiyofaa kamwe

Wakazi wanaonywa wasivute waya kutoka nyumba ya jirani kwa nia ya kupata fezi ya pili. Kati ya fezi mbili kuna volti 415, na atakayezima swichi kuu ya nyumba moja ataamini mashine haina stima ilhali nyumba ya pili bado inailisha. Ni kinyume cha sheria, na kunaweza kuua.

Mashine ya kilowati 2.2 isichomekwe kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Ikiendeshwa kwa VFD inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20. Ipewe waya wake mnene, swichi yake ya kukata umeme, na waya wa athi. Nyutro isitumiwe badala ya athi.

Kapasita na VFD hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Fundi asubiri muda ulioandikwa kwenye kifaa, kisha apime kabla ya kugusa.

Pa kuanzia

Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni hizo zina madaraja, kwa hiyo mkazi aombe kuiona na kuuliza kama inamruhusu fundi kushughulikia fezi tatu.

Anayepanga kununua mashine iliyotumika apige picha ya kibati na kumwonyesha fundi huyo kwanza. Hitilafu ya laini iripotiwe kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.