Matone ya Presha ya Macho: Usiyaache Njiani

Siku moja ya soko hapa Ngaramtoni nilikutana na mzee mmoja aliyesoma katika darasa letu la kisomo. Alikuwa akiongozwa na mjukuu wake. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza habari za macho.

"Mwalimu," akasema, "ile dawa ya matone nimeiacha. Nimemaliza chupa nzima na bado sioni vizuri. Dawa gani hiyo?"

Mzee huyu ana presha ya macho. Madaktari huuita ugonjwa huu glakoma. Maneno kama yake yamesemwa na wengi. Kwa hiyo leo tuelezane kazi ya matone hayo.

Presha ya macho ni nini?

Si ile presha ya damu. Ndani ya jicho mna maji, nayo si machozi. Maji hayo hutengenezwa kila wakati na hutoka kwa njia ndogo sana. Fikiri mfereji wa shambani unaoteremka kutoka Mlima Meru. Takataka zikiziba njia, maji hujaa na kubomoa kingo. Katika jicho, maji yakijaa hukandamiza mshipa unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo. Mshipa huo hufa kidogo kidogo. Mara nyingi hakuna maumivu. Mtu huanza kupoteza kuona kwa pembeni bila kujua.

Ugonjwa huu si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na mtu huweza kuona tena. Lakini kuona kulikoharibiwa na presha ya macho hakurudi.

Matone yanafanya kazi gani?

Yanapunguza presha ili kulinda kuona kulikobaki. Hayarudishi kulikopotea. Ukiyaacha, presha hupanda tena na mshipa huendelea kufa.

Jinsi ya kutia matone

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Inua uso, tazama juu. Vuta kope la chini.
3. Tia tone moja tu. Chupa isiguse jicho.
4. Fumba jicho. Bonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili hivi.
5. Kama una dawa mbili, ngoja dakika tano kabla ya kutia ya pili.

Fuata saa ulizoandikiwa. Kama una pumu au ugonjwa wa moyo, mwambie daktari kabla ya kupewa dawa, maana matone mengine, kama timololi, yanaweza kukudhuru. Usiazime dawa ya jirani.

Hapa kisomo kinatusaidia. Siku ya kufungua chupa, andika tarehe juu yake. Chupa nyingi hazifai baada ya wiki nne. Chora siku za mwezi kwenye karatasi, na kila ukitia dawa weka alama.

Je, kuna njia nyingine?

Ipo. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, madaktari walichunguza wagonjwa 201. Wengine walipewa matone ya timololi, wengine walitibiwa kwa mwanga wa leza. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, matone yalifaulu kwa macho 31 katika kila 100, na leza kwa macho 61. Matone yanahitaji mkono wa mgonjwa kila siku. Leza haihitaji hivyo. Basi mwulize daktari wako habari za leza au upasuaji. Lakini usiache matone kabla hajakuambia.

Yule mzee nilimweleza hivi hivi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nangoja kilichokwisha kupotea, na kilichobaki nakiacha." Siku ya pili mjukuu alimrudisha hospitali.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu hufuata ukoo. Kama mzazi wako au ndugu yako anao, au umepita miaka 40, nenda ukapimwe macho. Usingoje giza.