Kiingereza cha Watoto, Barua za Baba Zao

Wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku Jumamosi ile hawakwenda kulala. Walinawa uso kwenye bomba la getini, wakavuka reli pale Namuwongo, wakaenda moja kwa moja mpaka shule ya msingi ambako watoto wao walikuwa wakishindana kutoa hotuba kwa Kiingereza. Mwandishi wenu alifuatana nao. Wengine bado walikuwa na vumbi la sabuni mabegani, na wawili watatu walikwisha sinzia kwenye mabenchi kabla mgeni wa heshima hajafika. Alichelewa saa moja na nusu, kama ilivyo desturi ya wageni wa heshima.

Mashindano ya namna hii ni ya kawaida katika shule za Kampala. Mtoto hupewa dakika chache tu, hapo zilikuwa tatu, na mwalimu mmoja hushika saa na kengele. Waamuzi hukaa nyuma ya meza yenye kitambaa wakitoa alama: matamshi, ujasiri, mpango wa maneno, na hoja yenyewe. Mtoto huanza kwa kuwasalimu wakubwa wote kwa vyeo vyao, kuanzia mgeni wa heshima mpaka mwalimu wa zamu, na hapo nusu dakika imekwisha kwenda. Kisha husema aliyoyakariri juu ya usafi, au misitu, au faida ya elimu. Akichanganya L na R, jambo ambalo watoto wanaokua wakisema Kiganda hupata taabu nalo, mwamuzi anainamisha kichwa na kuandika. Zawadi zilikuwa mezani tangu asubuhi: kamusi moja, madaftari, na vikasha vya vyombo vya hesabu.

Wazazi walipiga makofi kwa nguvu. Nilimwuliza jirani yangu, mzee wa mashine ya kukoroga sabuni, yule mvulana aliyetoka jukwaani amesema nini. Akanijibu, "Sijui, ndugu yangu, lakini amesema vizuri sana."

Jibu lile halikunitoka. Huko Japani watoto wa shule za kati wameshindana kwa hotuba za Kiingereza tangu 1949, kwa kikombe kilichopewa jina la mwana wa mfalme. Lakini mtoto wa Kijapani akishindwa hupoteza kikombe tu. Akirudi nyumbani, barua ya baba yake kutoka kiwandani imeandikwa kwa Kijapani. Kwetu Uganda mtihani wa kumaliza darasa la saba ni kwa Kiingereza, Bunge ni Kiingereza, na barua ya kumwachisha mtu kazi ni Kiingereza. Mtoto aliye jukwaani anashindania mkate.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na ya serikali katika sehemu kubwa ya nchi. Wakubwa wa Buganda walikataa, na Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929. Walikuwa na sababu zao: waliona Kiswahili kikiingia, mlango utafunguliwa kwa walowezi wa Kenya na Kiganda kitazikwa. Kiingereza kikapita katikati. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini raia walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kinywani mwa askari mwenye bunduki, na wengi hawajasahau sauti ile. Katiba ya 1995 ikaweka Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kiliongezwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Wakati wote huo sisi tulikuwa tukikitumia bila kungoja mtu aamue. Katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi walikutana watu wa West Nile, Waacholi, Wanyarwanda na wengine wengi, na Kiswahili kiliwasaidia kusikilizana wao kwa wao, na na nyapara wao pia. Katika viwanda vya Kampala ni vivyo hivyo, kikichanganywa na Kiganda.

Wala mwandishi wenu si adui wa Kiingereza. Mwaka 1958 Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi lilifungua Chuo cha Kazi cha Afrika papa hapa Kampala, na viongozi wa vyama kutoka nchi mbalimbali walikuja kusoma. Bila lugha ya kuwaunganisha wangekaa wakitazamana. Ninachokichukia ni kile kibao ambacho katika baadhi ya shule mtoto huvikwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Tangu 2007 mpango wa masomo unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali. Lakini mjini, ambapo darasa moja lina lugha kumi, shule nyingi huanza na Kiingereza siku ya kwanza.

Sasa nije kwa msichana wa darasa la sita aliyesimama wa tisa. Hakusema juu ya misitu. Alisema juu ya barua.

Baba yake ni mhudumu wa mashine katika kiwanda kimoja cha mjini. Siku ya Alhamisi aliitwa ofisini, akapewa karatasi, karani akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Alidhani anakiri kuipokea tu. Msichana aliisoma jioni kwa taa ya simu, akakuta baba yake amekiri kulala kazini na kuharibu mali. "Baba, umeandika umelala," alimwambia. Baba akajibu, "Mama, mimi sikuandika kitu. Niliweka jina."

Hayo aliyasema jukwaani kwa Kiingereza, polepole, bila kutaja jina la kiwanda. Kengele ililia naye hajamaliza. Aliendelea. Mwamuzi mmoja aliweka kalamu chini akasikiliza. Wazazi, ambao wengi hawakuelewa neno, walipiga makofi kama walivyowapigia wote, na baba yake alipiga zaidi ya wote. Hakujua kwamba hotuba ile ilikuwa habari yake mwenyewe.

Akapewa nafasi ya tatu, kwa kuzidisha muda. Mimi ningempa ya kwanza, lakini sikuwa mwamuzi.

Katibu wa tawi alikuwapo, naye Kiingereza anakijua. Alimfuata baba nje, chini ya mwembe, akamweleza jambo ambalo kila msomaji wa ukurasa huu yafaa alishike. Sheria ya Ajira ya 2006, katika kifungu kilichopewa namba 66 ilipotungwa, inasema kwamba mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatazamiwa kuielewa. Tena mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu amtakaye mwenyewe awepo wakati wa kuelezwa, na mwajiri lazima asikilize maneno yao wote wawili. Mtu huyo aweza kuwa kiongozi wa chama, aweza kuwa mwenzako wa mashine. Sheria haisemi Kiingereza. Kwa hiyo ukipewa karatasi usiyoweza kuisoma, usitie sahihi hapo hapo. Omba usomewe, na umwite mwenzako.

"Haya yote yamo katika sheria?" baba aliuliza.

"Yamo."

"Kwa lugha gani?"

Katibu alicheka, kisha akanyamaza. Alimwita msichana, ambaye alikuwa bado ameshika madaftari yake ya zawadi, akamwomba atoe moja. Wakakaa juu ya mzizi wa mwembe, katibu akisoma kifungu kutoka simuni, msichana akiandika kwa Kiswahili. Neno moja liliwashinda wote wawili, ikabidi mwalimu wa Kiingereza aitwe. Baba alimwambia binti yake aandike herufi kubwa, kwa sababu getini hakuna mwanga wa kutosha.

Karatasi ile ilibandikwa kwenye ubao wa tawi Jumatatu. Katibu naye alikwisha peleka barua kudai baba yule aitwe upya na aelezwe mashtaka yake kwa Kiswahili, katibu akiwa pembeni. Tunapoandika haya mwajiri hajajibu, na mtu wetu bado yuko kwenye mashine yake, zamu ya usiku.